Sarafu Haina Kumbukumbu

Watoto wa hapa Tanga wakigombania timu ipi ianze mpira, hadi leo wanaulizana, "Kichwa au mwenge?" Sarafu yenyewe ni ya shilingi 200, Karume upande mmoja na simba upande wa pili, na mwenge haumo. Mwenge ulikuwa kwenye ile shilingi iliyotoka mwaka 1966, yenye sura ya Mwalimu Nyerere huku na mkono ulioshika mwenge kule, na wengi wa watoto hawa hawajawahi kuitia machoni. Mchezo wameurithi pamoja na maneno yake. Wamerithi na kitu kingine, na hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Nimefundisha Hisabati shule za msingi mpaka nikastaafu, na jioni watoto wa mtaani bado wanakuja barazani kwangu na madaftari yao. Rusha sarafu mbele ya watoto wa darasa la tatu. Ikitokea kichwa kimekuja mara nne mfululizo, simamisha mchezo uwaulize ya tano itakuwa nini. Hapo utasikia kelele. Kundi moja litasema mwenge, maana zamu yake imefika. Kundi la pili litasema kichwa, maana leo sarafu imekipenda kichwa. Watabishana mpaka sauti ziwakauke, wala hawatagundua kwamba katika jambo moja kubwa wanakubaliana: wote wanaamini sarafu inakumbuka, na imani hiyo ndiyo kile kingine walichokirithi. Wa kwanza wanaiona kama mama anayegawa maandazi, aliyekosa duru hii atapata duru ijayo. Wa pili wanaona imeshazoea. Wapo wawili watatu, mara nyingi wale wa dawati la nyuma wasiopenda kunyoosha mkono, wanaosema kwa sauti ya chini, "Haijulikani." Hao ndio ninaowaita mbele.

Sarafu ni kipande cha chuma. Haijui mara iliyopita iliangukaje. Kila inaporushwa inaanza upya, nusu kwa nusu, hata kama vichwa kumi vimetangulia. Watu wazima nao wanateleza hapo hapo. Katika kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu walimwaga fedha zao kwenye nyekundu wakiamini kwamba haiwezekani isije. Ilikuja wakati wengi wao wameshabaki mikono mitupu.

Kwa mtaala niliofundishia mimi, mada ya uwezekano ilimngoja mtoto Kidato cha Nne, tena kwa Kiingereza. Wengi wa watoto niliowafundisha kuandika namba hawakufika huko. Leo ni wavuvi, mama lishe, madereva wa bodaboda, wazazi wenye watoto wao. Kila siku wanapima yatakayotokea, kwenye biashara, kwenye afya, kwenye kilimo, na hakuna aliyewahi kukaa nao akawaonyesha yanapimwaje. Inaniuma, kwa sababu somo hili halihitaji maabara wala vitabu vya bei. Linahitaji kifuko cha kitambaa, gololi, sarafu mbili, dadu mbili, na mwalimu asiyekuwa na haraka.

Najua wapo watakaosema mtoto wa miaka saba ni mdogo mno kwa mambo haya. Mwaka 2008 watafiti wawili, Fei Xu na Vashti Garcia, walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa miezi minane, wasiojua hata kutembea. Mtafiti alifumba macho, akatoa vipira vitano ndani ya sanduku, kisha akafunua sanduku lenyewe. Sanduku likiwa limejaa vyekundu na vilivyotoka karibu vyote ni vyeupe, watoto waliangalia kwa muda mrefu zaidi, kama mtu aliyeona kitu kisichokaa sawa. Kwa hiyo mbegu imo tangu utotoni. Kinachokosekana ni kuimwagilia.

Hata hivyo mbegu si mti. Jean Piaget na Bärbel Inhelder, wa Geneva, walitoa mwaka 1951 kitabu kizima kuhusu namna mtoto anavyoelewa mambo ya bahati. Jaribio lao moja nimelifanya kwa watoto wa darasa la awali, nikitumia sinia la bati. Unapanga gololi nyekundu nane upande mmoja wa ukingo na nyeupe nane upande wa pili, unaliinamisha sinia zibingirike ng'ambo, kisha unalirudisha. Kabla ya kuinamisha unauliza zikirudi zitakaa vipi. Msichana mmoja, kidole mdomoni, aliniambia, "Zitaenda kutembea, halafu nyekundu zitarudi kwao na nyeupe kwao." Nikainamisha. Zikarudi zimeanza kuchanganyika. Hakushtuka hata kidogo. "Bado hazijafika," akasema. Nikainamisha tena na tena, rangi zikazidi kuingiliana, naye akazidi kuzisubiri. Watoto wa Geneva wa umri wake walisema hivyo hivyo. Mtoto wa miaka mitano au sita anaamini kila kitu kina mahali pake na kitaparudia. Kuanzia saba hivi anaanza kuona kwamba kuna mchanganyiko usiorudi, na hapo ndipo mlango unapofunguka.

Mtafiti mwingine, Efraim Fischbein, aliandika mwaka 1975 jambo ambalo walimu tungepaswa kulibandika ukutani ofisini. Alisema shule yenyewe, kwa kumzoesha mtoto kwamba kila swali lina jibu moja la uhakika, inaweza kudhoofisha hisi ya uwezekano aliyozaliwa nayo. Nikisoma hayo naliona darasa letu: tano kujumlisha tatu ni nane, tiki; ni saba, kiboko au alama nyekundu ya kosa. Mtoto anayesema "huenda" anaambiwa acha kubahatisha. Naamini kabisa kwamba katika kila juma kinapaswa kuwepo kipindi ambacho "huenda" ndiyo jibu sahihi, na mtoto anaulizwa, "Una uhakika kiasi gani?"

Nitaeleza ninavyofanya kama vile bado niko darasani. Naanza kwa kamba. Naifunga kutoka dirishani hadi mlangoni. Upande wa dirisha ni "hakika", upande wa mlango ni "haiwezekani", na katikati ni "huenda ikawa, huenda isiwe". Nasoma sentensi, mtoto anakwenda kusimama anapoona panafaa. Kesho jua litachomoza: wote dirishani. Mwalimu atageuka ng'ombe: wote mlangoni, kwa vicheko. Leo nitakula ugali: wanatawanyika, kila mmoja na jikoni kwao. Sasa ndipo utamu unapoanza. Siku moja nilisoma, "Kesho mama atanunua dagaa wabichi." Darasa zima likakimbilia upande wa dirisha, maana dagaa kwetu si kitu cha kutafuta. Mvulana mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, akatembea peke yake hadi karibu na mlango. Wenzake wakamzomea. Nikamuuliza kwa nini kasimama huko. "Mbalamwezi, Mwalimu. Watu hawaendi." Na kweli, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu. Wenzake walinyamaza, kisha mmoja mmoja wakaanza kumfuata.

Sijapata njia bora kuliko hiyo ya kumwonyesha mtoto kwamba kukisia si kupayuka. Mahali unaposimama kwenye kamba panategemea unachokijua, na ukijua zaidi una ruhusa ya kusogea. Watu wazima tungelielewa hilo, tungesikiliza utabiri wa hali ya hewa kwa masikio mengine. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema mvua za vuli zinatarajiwa kuwa za wastani hadi juu ya wastani, imesimama mahali fulani kwenye kamba. Haijaahidi kwamba shamba lako Jumanne litalowa.

Baada ya kamba kinakuja kifuko. Ndani nimetia gololi tisa za bluu na moja ya kijani, na watoto wameziona zikiingia. Sheria yangu ni moja tu: hakuna anayetia mkono kabla ya kusema atatoa rangi gani na kwa nini. Usipomtaka abashiri kwanza, anacheza tu na gololi. Akibashiri, ameweka akili yake mezani.

Na hapa kuna mtego ambao namwomba kila mwalimu na kila mzazi auangalie. Atatokea mtoto atakayesema kijani, kwa sababu anaipenda kijani, atie mkono atoe kijani. Darasa litalipuka kwa makofi. Ukipiga makofi nawe, somo limeharibika. Mtoto wa pili atasema kijani, wa tatu atasema kijani, na wote watatoa bluu na kuona wana mkosi. Mimi kimya changu huwa kirefu kidogo. Kisha nawauliza: "Amepata. Haya, tukicheza mpaka kengele ya kutoka, nani angependa kuwa upande wa kijani, nani upande wa bluu?" Wanafikiri. Taratibu wanahamia bluu, na yule mshindi mara nyingi ndiye wa mwisho kuhama. Pongezi zangu nampa aliyesema, "Bluu, kwa sababu ziko nyingi," hata kama mkono wake ulitoka na kijani. Kukisia vizuri ni jambo moja, kupata ni jambo jingine, na mtoto anayetenganisha mawili hayo mapema ana kinga ambayo atakuja kuihitaji.

Atakuja kuihitaji wapi, kila anayeishi mjini anajua. Vibanda vya kubeti viko kila kona, na sheria inakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kucheza, lakini haimkatazi kusikiliza kaka zake wakisimulia. Anajua mkeka, yaani tiketi ya kubeti mechi kadhaa kwa pamoja, kabla hajajua sehemu na asilimia. Kwa hiyo nafanya hivi. Darasa zima linasimama, kila mtoto na sarafu yake au ya jirani. Tunarusha kwa pamoja. Aliyepata mwenge anakaa, aliyepata kichwa anabaki wima. Tunarusha tena. Darasa la watoto 60 linakuwa kama 30, kisha kama 15, kisha saba au wanane, na baada ya mara tano au sita mara nyingi anabaki mmoja. Sijawahi kuona mtoto aliyebaki asiyeamini kwamba ana ufundi. Mmoja alitueleza kwa kirefu kwamba siri ni kuipuliza sarafu na kuishika kwa kidole gumba upande wa simba. Wenzake wakaanza kupuliza zao.

Ndipo nauliza: tungeanza upya, angebaki mtu? Ndiyo. Angekuwa huyu huyu? Hapo wanatazamana. Mara nyingi atabaki mmoja, yeyote yule. Picha ya kijana aliyeshinda mamilioni, ile wanayobandika kibandani, ni ya huyo aliyebaki. Waliokaa chini hawapigwi picha. Kwa wakubwa kidogo, wa darasa la sita, naongeza hesabu. Mkeka wa mechi kumi, hata tukichukulia kila mechi ni nusu kwa nusu, unakupa nafasi 1 kati ya 1,024, maana unaanza na moja na kuizidisha kwa mbili mara kumi. Na mpira una kushinda, kufungwa na sare, kwa hiyo hali yenyewe mara nyingi ni mbaya kuliko hapo. Sihubiri. Nawaacha waizidishe wenyewe ubaoni, na nyuso zao zinabadilika kadiri namba inavyopanda.

Nimewahi kupata mgeni kwa sababu ya masomo haya. Baba mmoja, mvuvi, alikuja nyumbani baada ya swala ya alasiri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

"Mwalimu, mwanangu kasema mnacheza dadu darasani. Niwie radhi, lakini hiyo si kamari?"

Nilimwambia kamari ni kuweka mali, mmoja apoteze mwingine apate bila jasho. Kwetu hakuna kinachowekwa isipokuwa mawazo, na mwisho wa kipindi gololi zinarudi kwenye kopo. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuwa amemaliza.

"Na huko kupima yajayo? Ya kesho anayajua Mungu."

"Kweli kabisa. Wewe ukiamka alfajiri ukakuta upepo wa kusi umekaza, unashusha ngalawa?"

"Nishushe nife? Siendi."

"Umeingilia mambo ya Mungu?"

Akacheka, akapokea kahawa. Tukazungumza muda mrefu kuhusu dalili za bahari, na mimi nikajifunza kwake mambo ya mawingu ambayo hadi leo nayatumia kwenye kamba. Sioni ugomvi kati ya imani na somo hili. Anayepanga ni mmoja, nasi tumepewa macho ya kuangalia dalili.

Mchezo ambao watoto wangeucheza hata usiku ni mbio za namba. Kwa chaki naandika sakafuni namba 1 hadi 12, kwa mstari. Kila mtoto anachagua namba na kusimama nyuma yake. Tunarusha dadu mbili, tunajumlisha, na mwenye namba hiyo anapiga hatua moja. Wa kwanza kugusa ukuta ndiye mshindi. Mara ya kwanza wanagombania 12 kwa sababu ndiyo kubwa, na 1 kwa sababu ndiyo ya mwanzo. Saba mara nyingi inabaki bila mwenyewe mpaka nimwombe mtu.

Halafu mbio zinaanza, na wa katikati wanatembea: sita, saba, nane, tena saba. Aliyeko 12 amepiga hatua moja au hajapiga kabisa. Aliyeko 1 amesimama. Nakumbuka msichana wa darasa la pili aliyesimama pale kwa subira, mikono nyuma, mpaka ghafla akageuka na macho makubwa: "Mwalimu! Mimi siitwi leo wala kesho. Dadu mbili haziwezi kuleta moja!" Hakuna maelezo yangu yoyote ambayo yangemfikisha hapo kwa namna ile. Aliligundua lisilowezekana kwa kusimama juu yake.

Tukimaliza tunakaa chini kuhesabu njia. Kumi na mbili inakuja kwa njia moja tu, sita na sita. Saba inakuja kwa moja na sita, mbili na tano, tatu na nne, kisha zile zile zikigeuzwa: njia 6 kati ya 36. Ninatumia dadu moja nyeupe na moja nyekundu, ili mtoto aone kwa macho kwamba mbili nyeupe na tano nyekundu ni kitu kimoja, na tano nyeupe na mbili nyekundu ni kingine. Usiogope namba 8 ikishinda badala ya 7. Itatokea, na watoto watakuangalia. Waambie tucheze tena.

Hilo la kugeuza linawasumbua hata vigogo. Chukua sarafu mbili, uzirushe pamoja. Mtoto atakuambia kuna matokeo matatu: vichwa viwili, mienge miwili, au mchanganyiko, kwa hiyo kila moja ni theluthi. Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, aliandika katika kamusi kubwa ya elimu, ile Encyclopédie, mwaka 1754, akakosea kwa njia inayofanana sana na hiyo: alihesabu matokeo matatu mahali palipo na manne. Kwa hiyo mtoto wako akikosea hapo, yuko na watu wa heshima. Mpe sarafu ya 100 na ya 200, zisizofanana. Kichwa kwenye 100 na mwenge kwenye 200 ni tokeo moja. Mwenge kwenye 100 na kichwa kwenye 200 ni lingine. Sasa matokeo ni manne, na mienge miwili ni 1 kati ya 4.

Robo hiyo ya mienge miwili naijua kwa uchungu. Jirani yangu ana watoto wawili wenye seli mundu. Yeye na mumewe ni wazima, lakini kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo. Alipojifungua wa kwanza, na mtoto akaanza kuvimba vidole na kulia usiku kucha, alielezwa kwamba kwa wazazi kama wao ni mmoja kati ya wanne. Miaka ikapita, wakapata wa pili, naye akawa vile vile. Aliniambia hivi, akiwa amemlaza mtoto mapajani: "Mwalimu, si walisema mmoja kati ya wanne? Mie nikajua wangu nimeshampata, watatu wanaofuata ni wazima."

Alichoelezwa kilikuwa kweli. Alivyokielewa ni vile vile watoto wa darasa la tatu wanavyoielewa sarafu: zamu imeshapita. Lakini kila mimba ni sarafu mbili zinazorushwa upya, ya baba na ya mama. Mienge miwili, mtoto anaumwa, robo. Mchanganyiko, ni mzima lakini amebeba, nusu. Vichwa viwili, hana kabisa, robo. Mimba ya pili haijui kilichotokea kwenye ya kwanza, wala ya tano haijui zilizotangulia. Nilichukua sarafu mbili nikamwonyesha pale pale kwenye mkeka. Alirusha mara nyingi, kimya, kisha akasema, "Mbona hakuna aliyenionyesha hivi?" Sina jibu la swali lake zaidi ya makala hii.

Na yupo yule mama aliyezaa wasichana wanne, ambaye mawifi wanamhakikishia wa tano ni dume. Kila mimba ni karibu nusu kwa nusu, na mbegu inayoamua ni ya baba. Akizaa msichana wa tano anasemwa, anapelekwa kwa waganga, wakati mwingine analetewa mke mwenza. Watoto wa kike niliowafundisha kuhesabu visoda wakiwa na miaka minane, natumaini hawatakubali kusemwa hivyo.

Kuna swali ambalo mtoto mwenye akili lazima atakuuliza, na nilipoulizwa mara ya kwanza nilifurahi mno: "Kama sarafu haikumbuki, inajuaje kurudi nusu kwa nusu?" Maana wameshaona kwamba ukirusha nyingi inakaribia nusu. John Kerrich, mwalimu wa hisabati kutoka Afrika Kusini, alinaswa Denmark mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia, akawekwa kizuizini. Huko alirusha sarafu mara 10,000 akiandika kila tokeo. Vichwa vilikuja 5,067. Ni nusu na chembe. Nani aliirudisha?

Hakuna aliyeirudisha. Chukua vile vichwa vinne vya mfululizo. Kwa wakati ule ni vichwa vyote, asilimia mia. Sasa rusha mara 1,000 zaidi, na tuseme zimegawanyika sawasawa, 500 kwa 500. Una vichwa 504 kati ya 1,004, yaani asilimia 50.2. Vile vinne vya ziada bado vipo, mwenge haukulipa deni. Vimezama tu kwenye wingi. Ubaoni naichora kwa mistari miwili, na mtoto wa darasa la sita anaielewa. Ndiyo maana matokeo ya mtoto mmoja sitaki kuyaamini mpaka tuyajumlishe na ya darasa zima. Kila mmoja anarusha mara kumi, mmoja analeta vichwa vitatu, mwingine vinane, wanacheka. Tukijumlisha vyote, kicheko kinageuka mshangao.

Mzazi anayetaka kujaribu nyumbani aanze na visoda, vimejaa kila mlango wa duka. Sarafu tunajua ni nusu kwa nusu, au karibu sana. Kisoda hatujui. Kina mdomo wenye meno upande mmoja na mgongo upande wa pili, na hakuna aliyekiahidi usawa. Hapo mtoto hawezi kukisia kwa kuhesabu pande, lazima arushe, aandike, arushe tena, ndipo aseme. Arushe kwa kikombe, maana vidole vya watoto vina ujanja. Darasani kwangu visoda vilivyopindwa na kifunguo vilianguka tofauti na vile vilivyotoka vizima, na hilo peke yake lilizua ubishi wa kipindi kizima. Asubuhi iliyofuata mvulana mmoja akaja na kisoda alichokipigilia nyundo mpaka kikawa bapa, anataka kujua kama sasa kimekuwa sawa na sarafu. Nikamuuliza anabashiri nini, na kwa nini. Akasema, tukagawana daftari na kalamu, tukaanza kurusha.